Mbegu za Bamia Nilizoziosha kwa Sabuni

Jina langu Yahaya, lakini hapa bondeni, nje kidogo ya mji wa Kondoa, watu wananiita Baba Mudrick wakiwa na adabu, na Bwana Faili wakiwa hawana. Hilo la pili nimejitakia mwenyewe. Kabla sijarudi kulima nilikaa miaka minne Dodoma, mtaa wa Chang'ombe, kwenye duka la steshenari, kazi yangu kutoa fotokopi za vyeti vya watu. Ukishinda miaka minne unaangalia vyeti vya wenzako na wewe huna hata kimoja, kuna kitu kichwani kinalegea. Nilirudi kwetu na stepla moja, mashine ya kutobolea karatasi, na imani kwamba shida zote za mkulima zinatokana na kutotunza risiti.

Kikundi chetu cha kilimo hai kina kaya ishirini na moja. Tunalima mchicha, ngogwe, yaani nyanya chungu, na sukuma wiki bila dawa za dukani wala mbolea ya chumvichumvi, na tuna cheti cha kuthibitisha hivyo. Kila Alhamisi mboga zetu zinapanda basi kwenda Dodoma, kwa mnunuzi mwenye duka mtaa wa Kikuyu, ambaye analipa vizuri kwa sababu ya hicho cheti. Ilipofika siku ya kuchagua mkaguzi wa ndani, yaani mtu wa kupita shamba kwa shamba kuwakagua wenzake kabla mkaguzi mwenyewe wa cheti hajaja, mwenyekiti wetu Mzee Hamidu aliuliza nani ana mwandiko mzuri. Nilinyoosha mkono hajamaliza swali.

Sasa watu wengi wanadhani kilimo hai ni kuacha kupuliza dawa tu, basi. Wapi. Cheti kinaanza kukuhoji hata jembe hujaligusa: mbegu umeitoa wapi? Kwanza utafute mbegu iliyozalishwa kwa kilimo hai. Ukiikosa, na uoneshe kwamba kweli ulihangaika kuitafuta, unaruhusiwa kutumia ya kawaida, mradi isiwe imetiwa dawa. Miche uoteshe mwenyewe, au uchukue kwa mwenzako mwenye cheti. Pakiti unatunza, risiti unatunza. Mambo haya niliyahubiri mpaka ikawa wanakikundi wakiniona natokea kwa mbali wanaingia kwenye mihogo. Mwenzetu mmoja, Marko, alipanda miche ya kabichi aliyopewa na jirani asiye na cheti. Nilimwandikia barua ya onyo ya kurasa mbili, yenye vifungu. Marko hajui kusoma, kwa hiyo aliniletea mwenyewe nimsomee. Nilimsomea, tena kwa sauti, na kwenye kifungu cha nne nilirudia. Mimi huyo.

Mwaka huu mnunuzi wetu akaja na jambo jipya. Wateja wake wanataka bamia, na yeye hataki kuzunguka kwa vikundi viwili. Akamwambia Mzee Hamidu waziwazi: msimu huu mkiniletea bamia yenye cheti tunaendelea, msiponiletea namhamia mwingine na kila kitu, mchicha na ngogwe humo humo. Kwa hiyo riziki ya kaya ishirini na moja ikawa inategemea punje za bamia zisizo na dawa, na mtu wa kuzitafuta ni mimi, mwenye mwandiko mzuri.

Nilitafuta, hilo hakuna wa kuninyima. Kondoa maduka mawili ya pembejeo, Dodoma mawili, Babati nikapiga simu. Kila pakiti niliyofunguliwa, mbegu zilikuwa za rangi ya waridi kama peremende za watoto. Hiyo rangi ndiyo alama ya dawa. Kila duka niliomba waniandikie barua kwamba mbegu isiyo na dawa hawana. Muuzaji mmoja Dodoma alinitazama akasema, "Kaka, unataka nikuandikie barua kwamba sina kitu?" Nikamwambia ndiyo, na mhuri. Nilirudi nyumbani na barua nne safi na mbegu hata punje sina, na mnielewe vibaya mkitaka, lakini ndani ya basi nilijisikia nimefanikiwa.

Mke wangu Mwanaidi, kwa kuniona silali vizuri, akampigia simu mama yake. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, anakaa Kolo. Baada ya siku tatu nikamkuta ameketi kwenye mkeka mlangoni kwangu, kikapu pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Mudrick. Habari za karatasi?"

"Nzuri, mama."

Alifungua fundo la kanga yake akatoa pakiti tatu za mbegu na risiti iliyokunjwa mara nne. "Nimesikia unahangaika na bamia," akasema. "Nimekununulia ya dukani. Na karatasi yake hii hapa, nimemwambia yule kijana asinipe bila karatasi."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Nyuma ya pakiti kulikuwa na maandishi ambayo mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba angeyaelewa: imetiwa dawa, usile, usilishe mifugo. Ndani, waridi tupu. Nilitaka kulia. Lakini kwetu mkwe akikuletea kitu hukirudishi. Mbele ya mama mkwe mimi hata mabega nayakunja ninapopita, sembuse kumwambia mama, mzigo wako ni sumu. Nikasema ahsante sana, mama, Mungu akuzidishie. Akasema ya kuzidishiwa tutaona, yeye anakaa wiki mbili na anataka aione ikiota kabla hajaondoka.

Hapo ndipo akili yangu ya steshenari ilipofanya kazi. Nilijiambia: ubaya wa mbegu hii ni rangi. Rangi ikitoka, kinachobaki ni bamia. Na rangi inatolewa na nini? Inatolewa na sabuni. Wallahi niliona nimegundua jambo ambalo wataalamu wote wa kilimo limewapita, na nikawahurumia kidogo.

Nikachukua beseni la Mwanaidi, nikaenda nyuma ya choo. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kweli. Ya pili yakapungua. Nikasugua punje kwa viganja kama mtu anayeosha mchele wa harusi, nikasuuza mara tano, na mwisho mbegu zikabaki na rangi yake ya kijivu, nzuri, hazina neno. Mwanaidi alitokea akaliona beseni.

"Baba Mudrick, umechinja nini huku nyuma?"

"Naosha mbegu."

Aliinama akachungulia. "Umewahi kumwona mtu anaosha mbegu?"

"Huo ndio utaalamu," nikasema. Yale maji, kwa kuwa mimi si mtu wa kuchafua mazingira, niliyamwaga kwenye lundo la mboji.

Mikono ilibaki na rangi siku tatu. Msikitini, wakati wa kutawadha, Mzee Hamidu aliitazama akaniuliza kama kuna harusi sikumwalika, maana anaona nimeshapakwa hina. Nilisema ni ngogwe zimeiva sana. Mzee wa watu akaitikia tu.

Bamia ziliota siku ya tano, na ziliota vizuri, sitasema uongo. Kila asubuhi mama mkwe alikwenda na fimbo yake akasimama kwenye tuta, akahesabu mimea kwa macho, akarudi anatabasamu. Majirani wakipita aliwaita waone bamia aliyomnunulia mkwewe. Mimi nilikuwa ndani naandika kwenye kitabu cha mashamba: "Bamia. Mbegu ya kawaida, haijatiwa dawa." Niliandika kwa mwandiko uleule ulionipa kazi ya ukaguzi. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo siwezi kulieleza. Nikazichukua zile pakiti tatu, nikazinyoosha, nikazitoboa, nikazifungia kwenye faili pamoja na risiti yake. Sikufikiri. Nimezoea kwamba pakiti ikiisha inaingia kwenye faili, na mkono ulikwenda wenyewe.

Mkaguzi wa cheti alikuja Jumanne kutoka Dodoma, dada wa Kigogo anayeitwa Anyesi, mpole, viatu vya kutembelea shambani na daftari lake kwapani. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akamwamkia Mzee Hamidu, akakaa kwenye kigoda, akaomba faili. Nikampa kama mtu anayemkabidhi bibi harusi. Akafungua, akasoma barua zangu nne za kukosa mbegu, akasema mwaka mzima hajaona kikundi kilichopanga karatasi hivi. Nilivimba. Nilimtazama Mzee Hamidu kuona kama amesikia. Na sheria iko wazi, niliwafundisha wenzangu mwenyewe: mkulima akikosea na mkaguzi wa ndani akasema, linaanguka shamba la yule mkulima peke yake. Mkaguzi wa ndani akificha na ikagundulika, kinaanguka cheti cha kikundi kizima. Hilo nililijua vizuri wakati Anyesi anafungua ukurasa wa bamia.

Aligeuza pakiti. Akasoma nyuma. Akasoma kitabu changu. Akarudi kwenye pakiti.

"Baba Mudrick, hizi pakiti ni za nini?"

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Kabla sijafungua mdomo, akajibu kwa furaha: "Hizo nimenunua mimi, mwanangu. Ndizo zile zimeota pale kwenye tuta, umeziona zilivyo nzuri?"

Nikasema, na Mungu anisamehe, "Mama amechanganya. Zile za pale ni nyingine. Unajua tena, mtu mzima."

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya ungo. Hakubisha. Alivuta kanga akajifunika vizuri bega, akasema taratibu, "Labda nimechanganya."

Jamani. Nimewahi kutukanwa na mteja, nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya wateja, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Mwanamke amepanda basi kutoka Kolo kunisaidia, na mimi namwita mwehu mbele ya mgeni ili nikilinde kitabu. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na yale macho sitayasimulia. Nikasema, "Mama hakuchanganya. Mimi ndiye nimesema uongo. Ni hizohizo, nilizipanda mimi, na hicho kitabu nimeandika uongo."

"Mbegu za dawa?" Anyesi akauliza.

"Niliziosha."

"Ulizioshaje?"

"Kwa sabuni."

"Ya kipande au ya unga?"

Sijui ilimhusu nini, lakini nilisema ya unga na akaandika. Mzee Hamidu aligeukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka. Anyesi aliuliza maji niliyamwaga wapi. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akanieleza polepole kama mwalimu wa chekechea kwamba dawa haikai kwenye rangi tu, inaingia kwenye ganda la mbegu, na kwamba nilichofanya ni kuigawa: nyingine tuta, nyingine mboji, nyingine mikono yangu.

Hukumu yake haikuwa mbaya kama nilivyostahili. Shamba langu na lundo la mboji vikatoka kwenye cheti. Cheti cha kikundi kikabaki, kwa kuwa nimesema mwenyewe kabla hajatia saini, ingawa alisema kuhusu mkaguzi wa ndani kikundi kitafakari. Mzee Hamidu akajibu kwamba kimeshatafakari. "Tatizo ni bamia," Anyesi akasema. "Siwezi kuiweka kwenye orodha bila mbegu halali, na msimu wa kupanda unaisha wiki hii."

Mzee Hamidu akamwambia kuhusu mnunuzi, na kwamba bila bamia tumekwisha. Anyesi akafikiri. Akauliza, "Hivi kwa nini mmetafuta madukani tu? Mbegu si lazima iwe ya dukani. Hakuna hapa mtu mwenye bamia ya kienyeji? Mkulima anayejihifadhia mwenyewe, hajaitia dawa. Anaeleza ameilima wapi na ameitunzaje, mnaandika, anaweka dole gumba, imetosha. Hiyo napokea leo hii."

Mama mkwe aliweka ungo chini.

"Mimi nilikuwa nayo," akasema. "Mwaka jana nilimletea. Kibuyu kizima, nimeichanganya na majivu. Akanirudishia, akasema haina karatasi."

Ndiyo, hilo sikuwaambia. Nilikuwa natumaini simulizi itaisha kabla hatujafika huko. Mliposikia nasema kwetu zawadi ya mkwe hairudishwi, najua kwa sababu nilishairudisha. Wala sikumtuma mtu. Nilimwambia mwenyewe, nimesimama palepale mlangoni: mama, mbegu bila pakiti wala risiti sisi wa kilimo hai hatuitambui. Nikampa na mfano wa pakiti aone ilivyo. Ndiyo maana mwaka huu alipokwenda dukani alimwambia yule kijana asimpe bila karatasi.

Anyesi alinitazama. Hakuandika chochote, na ningependa angeandika.

"Mama," nikasema, "imebaki? Hata kidogo?"

"Ile ilikuwa ya mama yangu," akasema. "Alinipa siku naolewa, na mimi nilitaka nikupe wewe ulime, maana mgongo wangu haunipi tena. Ulipoikataa nilijiuliza sana njiani. Nikaona, mtu aliyesoma akisema si mbegu, basi si mbegu. Nilipofika nyumbani nikawamwagia kuku."

"Yote, mama?"

"Yote."

Anyesi akachukua kalamu akapiga mstari kwenye neno bamia. Mzee Hamidu akatoa simu, akatoka nje kumpigia mnunuzi, akaenda mbali ili nisisikie. Nilikaa chini kwenye udongo, hapohapo, mbele ya mama mkwe, nikainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyenionea huruma. Alisogeza mkeka kidogo kuelekea kwangu.

"Usijitese, Baba Mudrick," akasema. "Hao kuku wenyewe ndio niliokuchinjia Idi mlipokuja Kolo. Ulisema hujawahi kula kuku mtamu kama yule."

Ni kweli nilisema hivyo, na niliomba niongezewe.